Kambare Niliowatia kwa Silanga ya Mama Mkwe

Mimi ndiye niliyetia kambare kwa silanga, yaani kidimbwi cha samaki, cha mama mkwe wangu. Haya, nimesema! Si fisi maji, si majini, si jirani mwenye wivu kama wengine walivyosema huko Kilungu. Ni mimi, na nilikuwa na akili timamu, na hakuna mtu aliyenishikia panga.

Tafadhali usicheke kwanza. Ngoja nimalize halafu ucheke vile utapenda, maana hata mimi siku zingine hucheka. Lakini nikimaliza kucheka kuna jambo linabaki, na hilo ndilo limenikalisha chini leo niandike.

Mimi nimeoa Kilungu, huko juu milimani kwenye baridi na ndizi. Kwetu ni chini, Kalamba, ambako jua halina huruma. Kama wewe si Mkamba, acha nikueleze kitu kinaitwa nthoni, kwa sababu bila hiyo hadithi yangu haina kichwa wala miguu. Nthoni ni ile heshima ya kuoneana haya kati ya mwanamume na mama ya mke wake. Hamtazamani machoni. Hampeani mkono. Hamli chakula pamoja. Ukimwona anakuja kwa njia nyembamba, unaingia kwa mahindi ya watu na kujifanya unatafuta mbuzi mpaka apite.

Vijana wa siku hizi wameiacha. Unawaona wakipiga picha na mama wakwe zao, wamekumbatiana mabega! Lakini mama mkwe wangu ni mtu wa zamani, na mimi nililelewa na nyanya, kwa hivyo tulifuata. Tangu nimuoe Ndinda (hilo si jina lake, nataka kuendelea kulala ndani ya nyumba) sikuwa nimewahi kuongea na mama yake neno moja ana kwa ana. Watoto wetu walikuwa wameshaanza shule, na mimi nyanya yao nilimjua mgongo na leso tu.

Sasa mtauliza, mlikuwa mnaelewana vipi? Eh, tulikuwa tunaelewana sana! Tulikuwa tunaongea na bata.

Mama alikuwa na bata wake pale nyumbani. Mimi nikikaa nje kwa kiti, yeye akiwa ndani ya jikoni, ningesikia: "Nyinyi bata, huyo mgeni amekunywa chai kweli ama aliimwagia maua?" Na mimi nawageukia bata, nawaambia: "Bata, ambieni mwenye boma chai ilikuwa tamu, hata kikombe kinaona haya." Mambo yanaenda. Hao bata walibeba habari nyingi kuliko simu yangu.

Mama ni mjane. Baada ya mzee kutuacha, aliamua kuchimba silanga pale chini ya migomba. Akatandika karatasi nyeusi ya plastiki ya kuzuia maji yasipotee, akayajaza, akatia tilapia. Alifanya hivyo bila kuuliza mwanamume yeyote. Ilikuwa kitu chake cha kwanza kabisa ambacho hakuna mtu angesema ni cha mzee.

Lakini sisi Wakamba na samaki mnatujua. Wazee wetu waliamini samaki ni ndugu wa nyoka aliyekosa bahati. Akina mama wa kanisa lake walimcheka. Wakampa jina, mama wa nzoka, mama wa nyoka. Mwenyekiti wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alisema mbele ya watu kwamba yeye hawezi kunywa chai kwa nyumba ambayo maji yake yana samaki.

Mama hakujibizana. Alisimama kanisani baada ya matangazo, akasema siku ya kuvuna samaki wake akina mama wote wamekaribishwa kwake. Waje waombe, waimbe, wale samaki aliowafuga kwa mikono yake. Halafu waseme ni nyoka ama ni chakula. Kisha akaketi.

Mnaelewa? Hiyo siku ndiyo ilikuwa jina lake. Ikienda vizuri, mama wa nyoka amekwisha. Ikiharibika, woi!

Sasa shida ikaja. Wale tilapia walizaa. Wakazaa tena. Watoto wakazaa kabla hawajamaliza kuwa watoto! Ukitupa pumba, maji yanatokota kama sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, lakini ukiangalia, wote ni vidole vidole. Wale wakubwa aliowatia mwanzo nao hawanenepi, kwa sababu chakula kimemalizwa na wajukuu. Silanga imejaa samaki na hakuna samaki.

Nilisikia hii habari nikiwa nimekaa kwa kile kiti changu. Mama alikuwa jikoni akiwaambia bata: "Nyinyi, hata mkila hawa wadogo mwezi mzima hamtawamaliza. Sasa wageni nitawapa nini? Si wataona ni vijiti vya kuchokoa meno?"

Ngai, mbona sikukaa kimya! Lakini mimi ni mtu wa kujua mambo. Ukitaja ng'ombe, mimi nimeona video. Ukitaja nyuki, nimeona video. Na siku si nyingi nilikuwa nimeona video ya mtu akieleza kwamba tilapia wakizidi, dawa ni kambare. Kambare anakula wale watoto, maji yanapata nafasi, wakubwa wananenepa. Rahisi!

Nikajikohoza. Nikawaambia bata: "Bata, ambieni mwenye boma asihangaike. Mkwe yuko."

Halafu nikasikia mama ameanza kuimba wimbo wa kanisa polepole, ule wa shukrani. Mimi nikainua kifua, nikajiona kama mwanamume aliyekomboa kijiji.

Kule kwetu Kalamba kuna mtu anafuga kambare. Nitamwita Baba Kioko, na hilo pia si jina lake. Ni mtu mpole, anaongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nikamweleza shida. Akaniuliza, "Tilapia za huyo mama zinatoshana wapi, hao wakubwa?"

Nikanyoosha mkono, nikaonyesha mahali kwenye kiganja, hapo hapo nikasogeza kidole, nikasogeza tena. Ukweli ni kwamba sikuwa na habari. Sikuwa nimewahi kusogea karibu na ile silanga, maana mama ndiye alikuwa huko kila mara.

"Kama hujui, uliza kwanza," Baba Kioko akasema. "Na kambare upeleke wadogo. Wadogo kuliko hao tilapia wake wakubwa. Hao watakula vifaranga tu, wakubwa hawatawaweza. Ukipeleka mkubwa, huyo hachagui. Atakula mtoto, atakula mama, atakula kila kitu kinachoingia mdomoni."

Akanipeleka kwa tangi, akanionyesha. Walikuwa kambare wadogo wadogo, weusi, unaweza kubeba wengi kwa kikombe cha uji.

Hapo ndipo nilipotea, wenzangu. Niliwaangalia wale wadogo nikaona haya. Mimi niende kwa athoni, kwa wakwe zangu, na kikombe? Mkamba akienda ukweni hubeba kitu kinachoonekana. Hakuna mtu hupeleka mbuzi mwenye mbavu za kuhesabika halafu aseme atakua! Ukipeleka kidogo, utaimbwa. Nikawaza mama akichungulia ndani ya maji asione kitu, awaambie bata, "Huyo mkwe alileta nini kweli, ama alileta maji?" Nikasema hapana.

Kwa tangi lingine kulikuwa na wale wazee wenyewe. Wanene! Mmoja alikuwa na ndevu kushinda mzee wa kanisa. Nikasema, "Nipe hao."

Baba Kioko akashika kiuno. "Hao si wa kutia kwa tilapia. Hao watamaliza."

"Si wa kutia," nikamwambia. "Nimebadilisha nia. Ni wa kukaanga."

"Wa kukaanga kweli?"

"Wa kukaanga."

Ona mimi! Nilimdanganya mtu mpole hivyo bila hata kupepesa macho. Akanichagulia, akanitilia kwa pipa la plastiki, akaniambia nikaange na nyanya nyingi.

Jioni hiyo Ndinda alikuta pipa nyuma ya nyumba. Akafunua, akaruka, akafunika. "Hizi ni nini?"

"Ni mshangao wa mama yako."

"Umemuuliza mama?"

"Kwani umesahau nthoni?"

"Si uniambie mimi, nimpigie simu saa hii nimuulize?"

Nikamwambia ataharibu mshangao. Mke wangu akaenda kukoroga uji. Alijua. Wanawake hujua, basi tu hutuachia kamba.

Nilingoja Jumapili mama akiwa kanisani. Nikafunga pipa kwa pikipiki ya rafiki yangu, tukapanda milima. Tulipofika Nunguni sokoni barabara ikatuinua mara moja, kifuniko kikafunguka, na yule mzee mwenye ndevu akatoka akaanguka mbele ya mama mmoja anauza viazi. Asi! Yule mama alipiga nduru, "Nzoka! Nzoka!" na viazi vikaanza safari ya kwenda Mombasa. Nilimkimbiza huyo kambare katikati ya watu nikiwa na suti ya Jumapili. Anateleza, namshika, anateleza. Mtu akashauri nimpige jiwe. Mwishowe nilimfunika kwa koti, nikamrudisha kwa pipa, na lile koti mpaka leo mbwa hunifuata nikilivaa.

Mwenye akili angeona hiyo ni ishara, arudi nyumbani. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nilifika, nikamwaga. Waliingia kwa maji polepole, wakajinyoosha, wakapotea. Nikasimama pale nimeshika kiuno.

Mwanzo habari zilikuwa tamu! Ndinda alikuwa akiongea na mama yake kwa simu, ananiletea. "Mama anasema wale wadogo wamepungua." Baada ya siku kadhaa, "Mama anasema maji yametulia, anasema Mungu akubariki." Nilitembea pale Kalamba kama mtu aliyechaguliwa. Nilinunua kofia.

Halafu habari zikaanza kubadilika. "Mama anauliza kama tilapia hulala mchana, maana hawaoni." Nikasema ni baridi ya Kilungu, samaki wameenda chini kujifunika. "Mama anasema akitupa pumba hakuna anayekuja." Nikasema wameshiba. "Mama anasema kifaranga cha bata kilikuwa kinaogelea kikapotea." Nikasema ni mwewe.

Ndinda akaongea na simu, akanirudia. "Mama anasema mwewe haitoki chini."

Nilijua. Wacha niseme wazi, kwa sababu hii ndiyo sehemu mbaya: siku hiyo nilijua kabisa kinachoendelea ndani ya yale maji, na siku ya wageni ilikuwa bado. Ningepanda na wavu. Ningewatoa, ningetafuta tilapia wengine wakubwa hata kwa kukopa, ningesema nimekosea. Lakini nitasemaje? Nitamwambia nani? Nikajiambia, mimi ni mkwe, siwezi kumwendea mama na maneno kama hayo, nthoni hairuhusu. Nikavaa kofia yangu nikaenda kunywa chai.

Siku ikafika.

Akina mama walikuja wote, wamefunga vitambaa vyao vya kanisa, wamebeba viti. Mwenyekiti alikaa mbele kabisa, karibu na maji, leso puani, maana alitaka kuona nyoka kwa macho yake. Sufuria kubwa ya mafuta ilikuwa mekoni, unga wa ugali umewekwa tayari, kachumbari imekatwa. Mama alikuwa amevaa rinda jipya la buluu. Alisimama nyuma ya wenzake, amenipa mgongo vile inavyotakikana, lakini hata mgongo ulionekana una furaha.

Tuliingia kwa maji mimi na shemeji yangu, tukavuta wavu. Ulikuwa mzito! Akina mama wakaanza vigelegele. "Aiya, ni wengi!" Wimbo ukapanda. Mwenyekiti akatoa leso puani kidogo. Mimi nilikuwa navuta huku naomba Mungu afunge mbingu, aifungue, afanye kitu chochote.

Wavu ukatoka.

Walikuwa wamenenepa, hao washenzi. Walikuwa wanajikunja, weusi, wanateleza, ndevu huku na huku, na midomo imefunguka. Tilapia walikuwa wa kuhesabu kwa mkono mmoja, na mmoja hana mkia. Vigelegele vilikatika kama redio iliyotolewa betri. Kisha yule mzee, yule yule wa Nunguni, akaruka nje ya wavu, akaanguka kwa nyasi, na badala ya kulala afe kama samaki mwenye adabu, akaanza kujiburuta. Akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

"Nzokaaa!"

Sijawahi kuona wokovu ukikimbia hivyo! Viti vilipinduka, vitambaa vikabaki kwa migomba, mama mmoja alipanda juu ya choo na hatujui alipandaje. Mwenyekiti, pamoja na unene wake, alifika barabarani kwanza. Walishuka kilima wakipiga kelele, na walipofika mbali kelele ikageuka ikawa kicheko. Tulisikia vizuri sana. "Mama wa nzoka! Si tulisema!"

Mimi pia nilitaka kucheka, nakubali. Kicheko kilikuwa kimefika hapa. Halafu nikaona mama anateremka.

Anakuja akiwa ameniangalia. Nikatafuta mahindi ya kuingia na hakukuwa na mahindi, kulikuwa na maji tu mpaka kiunoni. Akafika ukingoni, akasimama. Akaniita jina langu. Jina langu lote, la ubatizo na la baba!

"Hawa ni nini?" akauliza.

Hakuwauliza bata. Aliniuliza mimi. Nikainua macho, na ndiyo mara ya kwanza niliona uso wa mama mkwe wangu. Ana macho ya Ndinda, yale yale. Na yalikuwa yanatiririka machozi, na hakuyapangusa.

Akasema, "Watoe. Mmoja mmoja. Mimi nikiona." Nikawatoa. Shemeji alitaka kunisaidia, mama akamkataza. Kila nikitoa mmoja namweka kwa beseni, mama anaangalia beseni, ananiangalia. Mafuta yalikuwa bado yanachemka pale mekoni na hakukuwa na mtu wa kuyaepua.

Nyumbani Ndinda hakunipigia kelele. Aliniuliza tu akitandika kitanda, "Nthoni gani hiyo, inakuruhusu kuingia kwa silanga ya mama lakini haikuruhusu kuuliza?" Hakuna mzee alinifunza kwamba nthoni inakataza kutuma mtu aulize. Niliiweka mbele yangu kama pazia, na nyuma yake nilikuwa nafanya vile nataka.

Nilienda kwa wazee. Wakasema nimekosa, nitoe mbuzi ya kuomba msamaha. Nikatafuta dume safi, nikatuma. Mbuzi akarudi! Alirudi na ujumbe: "Mwambieni sitaki mbuzi. Hiyo nthoni yetu ilizama kwa maji. Aje mwenyewe, aniambie na mdomo wake."

Nilipanda milima. Nikamkuta jikoni, anachambua mbaazi. Sikuwa nimewahi kuingia hiyo jikoni maisha yangu yote. Akanisogezea kigoda. Nikakaa, magoti yakanifika kidevuni.

"Leo hakuna bata hapa," akasema. "Ni wewe na mimi. Sina maneno mingi. Wale akina mama wamenicheka, sawa, watachoka. Mimi nataka kukuuliza kitu moja, na vile utasema nitaamini. Ulijua watamaliza samaki zangu?"

Nilikuwa nimejipanga njiani, nawaapia. Nilikuwa na neno la ndiyo hapa kwenye ulimi, nimelibeba tangu Kalamba. Lakini alinitazama kwa yale macho.

"Hapana, mama," nikasema. "Nilidanganywa. Yule mtu wa Kalamba aliniambia hao ndio wa kutia."

Lilitoka laini! Hata mimi nilishangaa. Na mama akashusha pumzi, ile pumzi ya mtu aliyetua mzigo. "Nilijua," akasema. "Nilimwambia Ndinda, mtoto wa watu hawezi kunifanyia hivyo akijua." Akaweka mbaazi kando, akainuka, akanipakulia muthokoi, ule wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwa mkono wake mwenyewe, akaweka na kipande cha parachichi juu. "Kula, mwana wakwa."

Mwana wakwa. Mwanangu! Nikala. Ulikuwa mtamu sana, na hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Tangu siku hiyo tunaongea. Ananipigia simu moja kwa moja, anauliza watoto, anauliza kikohozi changu. Ametia tilapia upya na wamekua kidogo, na ametangaza tena siku ya wageni, huyo mama hachoki! Mwenyekiti amesema atakuja, lakini atakaa karibu na barabara. Na mama ananiambia, "Mwanangu, utanitafutia kambare wadogo safari hii, wewe unajua. Lakini usinunue kwa yule mwongo."

Yule mwongo! Amemtangaza kanisani, amemtangaza sokoni Nunguni. Juzi nilikutana na Baba Kioko pale Kalamba, ananyunyizia mboga zake maji. Akanisalimia vizuri. Akaniuliza, "Wale wa kukaanga walikuwa watamu?" Nikasema walikuwa watamu. Akacheka, halafu akaniambia, "Watu wa huko Kilungu walikuwa wananunua kwangu sana. Siku hizi hawaji, hata simu hawashiki. Sijui niliwakosea nini."

Nilimwambia pengine ni barabara mbaya. Woi, mimi! Pengine ni barabara!

Baba Kioko, kama kuna mtu atakusomea hii, wewe hukukosea mtu. Uliniambia wadogo. Uliniambia niulize. Nilikusikia vizuri kabisa.

Na nyinyi wengine mnaofuga, tilapia wakizidi kambare ni dawa kweli, sijasema si dawa. Tia wadogo, tia wachache, na umuulize mwenye maji kabla hujamwaga pipa. Heshima haijawahi kufunga mtu mdomo wa kuuliza. Kwa wakwe hupeleki ukubwa, unapeleka kile wanahitaji, hata kama kinaingia kwa kikombe.

Lakini hayo ya samaki ni madogo, silanga hujaa tena. Nakuonya juu ya lingine. Siku moja mtu uliyemkosea atakuuliza kama ulijua, na utaona usoni mwake ameshaamua kukuamini. Sema ndiyo. Sema hapo hapo, kabla hajainuka kukupakulia, kwa sababu akishakuwekea sahani mbele na kukuita mwanangu, huwezi tena, na utakula hicho chakula chake maisha yako yote.